Sanduku la Agano si silaha ya kuokotwa

Umeuliza iwapo unaweza kuliweka Sanduku la Agano, yaani sanduku takatifu la Waisraeli lililohifadhi vibao vya Amri Kumi, katika mchezo wako wa video, liwe silaha ambayo mchezaji huiokota ili kuwateketeza maadui. Nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia wanaamini kwamba Sanduku hilo limehifadhiwa katika mji wa Aksum chini ya ulinzi wa mtawa mmoja, na kila kanisa lao lina taboti, yaani kibao kitakatifu kinachowakilisha vile vibao vya Amri Kumi, ambacho hufunikwa kwa kitambaa kila kinapotolewa nje. Baadhi ya taboti zilizoporwa na jeshi la Uingereza huko Maqdala, ngome ya Ethiopia, mwaka 1868 zimo katika jumba la makumbusho la British Museum, London, na hata huko hazionyeshwi kwa umma.

Buni kifaa chako mwenyewe, chenye jina na historia yake. Simulizi la Uza, aliyekufa kwa kuligusa Sanduku alipotaka kulizuia lisianguke (2 Samweli 6), linaonyesha kwamba kitu kisichoguswa hutisha kuliko upanga wowote. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo litakaloupa mchezo wako uzito. Kisha mwombe muumini wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia ausome mswada kabla hujaanza kuchora.