Maswali na Majibu: Ligi ya Kriketi ya Lancashire na Mchezaji Wake Mmoja wa Kulipwa

Tulipotaja ligi za klabu za Uingereza katika safu iliyopita, wasomaji kadhaa waliuliza zaidi kuhusu ile ya kaunti ya Lancashire, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo. Haya ndiyo maswali yao na majibu yetu.

Ligi hii ilianza lini, na kwa nini ilishika mizizi katika miji ya viwanda?

Iliundwa mwaka 1892, miaka 4 baada ya ligi ya Birmingham, ambayo ndiyo iliyotangulia. Miji yake, kama vile Burnley, Nelson, Accrington, Bacup na Rawtenstall, iliishi kwa pamba. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 ilikuwa imeagiza kwamba wanawake na vijana wa viwanda vya nguo wasifanye kazi baada ya saa nane mchana siku ya Jumamosi, na kwa kuwa mitambo haikuweza kwenda bila wao, miji mizima ikajikuta na alasiri moja ya mapumziko kwa juma. Kriketi ya siku tatu, iliyochezwa na timu za kaunti, haikumfaa mfanyakazi mwenye alasiri moja tu. Alihitaji mchezo unaoanza na kumalizika alasiri hiyohiyo, wenye pointi na msimamo wa ligi, na wenye mpinzani aliye karibu kiasi cha kufikiwa kwa treni au hata kwa miguu. Nelson na Colne, kwa mfano, ni miji inayopakana.

Mnaiita ligi ya ridhaa, lakini nasoma kwamba nyota kama Kapil Dev wa India na Shane Warne wa Australia waliichezea. Inakuwaje?

Jibu la swali hili ndilo historia yenyewe ya ligi. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kila klabu iliruhusiwa kuwa na mchezaji mmoja tu wa kulipwa; wenzake 10 walikuwa watu wa mjini, mfumaji, karani, mwalimu, waliocheza bila mshahara. Kwa kuwa nafasi ilikuwa moja, klabu ilielekeza fedha zake zote kwa mtu huyo mmoja, na ndiyo maana mji mdogo uliweza kumleta mchezaji ambaye kaunti kubwa ilimkosa. George Headley wa Jamaika alikwenda Haslingden mwaka 1934. Everton Weekes wa Barbados alifika Bacup mwaka 1949, akawa anavaa koti zito la jeshi kujikinga na baridi, na mwaka 1951 akapiga mikimbio (alama za mpigaji) 1,518 katika msimu mmoja. Kapil Dev aliichezea Nelson mwaka 1981, naye Viv Richards wa Antigua akaichezea Rishton mwaka 1987.

Mtu huyo hakulipwa kwa sifa zake za kale. Alitakiwa apige, arushe mpira, na jioni za katikati ya juma awafundishe vijana wa klabu. Warne aliichezea Accrington mwaka 1991 akaangusha wiketi 73, yaani aliwatoa wapigaji 73, idadi ambayo mrushaji yeyote angejivunia, lakini kwa gongo alipata mikimbio 329 tu, na kamati ikaamua kutomrudisha msimu uliofuata. Leo watu hucheka wakisikia hivyo. Mimi naona kamati ilikuwa na haki: ilikuwa na nafasi moja ya kulipia, na ilihitaji mtu wa kazi zote mbili.

Hata hivyo, mchezaji wa ridhaa hakuondoka mikono mitupu kila mara. Mpigaji alipofikisha mikimbio 50, kisanduku kilizungushwa kwa watazamaji, na sarafu zilizoingia zilikuwa zake.

Learie Constantine alikuwa nani hasa katika ligi hii?

Alikuwa mchezaji kutoka Trinidad, mjukuu wa watumwa, ambaye Nelson ilimsajili kuanzia msimu wa 1929. Mwaka uliotangulia, akiwa katika ziara na West Indies, timu ya pamoja ya visiwa vya Karibi, alikuwa ameishinda timu ya kaunti ya Middlesex karibu peke yake kwenye uwanja wa Lord's jijini London, kwa kupiga mikimbio 86 na 103 na kuangusha wiketi 7 katika zamu moja. Katika misimu 9 aliyokaa, Nelson ilitwaa ubingwa mara 7 na mara 2 zilizobaki ikawa ya pili. Viwanja vya wapinzani vilijaa alipokwenda, na kiingilio cha siku hiyo kilisaidia klabu mwenyeji kulipa madeni yake, kwa hiyo hata waliofungwa walimpenda.

Lakini alipofika, watu wengi wa Nelson hawakuwa wamewahi kuishi jirani na mtu mweusi, na zilikuwapo barua za matusi. Yeye na mkewe Norma walibaki mjini hadi mwaka 1949, miaka mingi baada ya mkataba kwisha. Mwanafikra C. L. R. James, mwananchi mwenzake, alifikia nyumbani kwao mwaka 1932. Constantine alipoingia katika Baraza la Malordi, baraza la juu la Bunge la Uingereza, mwaka 1969, akiwa mtu mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo, alichagua cheo chenye majina ya mahali pawili: Maraval ya Trinidad na Nelson ya Lancashire.

Klabu ya Todmorden iko Yorkshire, kaunti jirani. Mbona inacheza ligi ya Lancashire?

Kwa sababu mpaka wa kaunti hizo ulipita katikati ya mji huo hadi mwishoni mwa karne ya 19. Hata ukumbi wa mji, uliofunguliwa mwaka 1875, ulijengwa juu ya mpaka. Serikali ilihamisha mstari, klabu haikuhama.

Je, kusini mwa Uingereza nako kulikuwa na ligi kama hizi?

Kwa muda mrefu hapana. Klabu za huko ziliona pointi na vikombe kuwa vinaharibu mchezo wa waungwana, zikacheza mechi za kirafiki. Ligi ya Surrey ilianza mwaka 1968, miaka 76 baada ya Lancashire.

Hali ikoje sasa?

Nyota wa dunia hawapatikani tena kwa urahisi, kwani kalenda ya kimataifa na ligi za ova 20, yaani mechi fupi ambazo kila timu hurushiwa mipira 120, zinawashika mwaka mzima. Klabu 14 za jadi zilikaa peke yake kwa zaidi ya karne, hadi Clitheroe, Darwen na Great Harwood zilipojiunga mwaka 2017, na nyingine zikafuata mwaka 2018. Vijana wa mjini bado wanatoka humo: James Anderson, mrushaji aliyeiangushia Uingereza wiketi 704 katika mechi za Test, zile ndefu za siku kadhaa kati ya mataifa, alianzia Burnley.