Nyie mnaopakia filamu ya infraredi, msifungue kopo kwanza

Juzi nimemkuta kijana anafungua kopo la HIE, ile filamu ya Kodak ya nyeusi na nyeupe inayonasa infraredi, mwanga usioonekana kwa jicho, chini ya mwembe, eti kivuli kinatosha. Nilimpigia kelele mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Kodak waliacha kuitengeneza 2007, jamani! Hayo mnayochezea ni masalia ya friza.

1. Kopo hufunguliwa gizani totoro. Filamu hii haina tabaka la kumeza mwanga kwa nyuma, na mwanga ukigusa ncha tu hutambaa hadi ndani ya roli. Ule mng'ao mnaoupenda unatoka hapohapo.

2. Mfuko wa kupakilia, ule wa kitambaa wa kuingiza mikono na filamu gizani. Hapa nina dhambi. Wangu nilikuwa nimeuamini miaka, kwa hiyo nikaketi juu ya boneti, jua la utosini, mikono ndani, natafuta meno ya magazini, kasha la filamu la kamera, kwa vidole huku naimba. Tukapiga shamba zima la mikorosho. Negativu iliporudi nikaitandaza kwenye meza ya taa: nyeusi tii, toka tundu hadi tundu. Karibu na kiini cha roli tu ndipo mikorosho ilianza kujitokeza, kwa aibu. Nikawavaa watu wa maabara, nikawatukana kabisa. Mzee mmoja akaniacha nimalize, akauliza, "Mfuko umeupima, mwanangu?" Sikuwa nimeupima. Kitambaa kile kilizuia mwanga tunaouona, infraredi kikaipitisha kama chandarua. Kuomba radhi kulinichukua muda kuliko kutukana. Kateni kipande cha filamu, kiacheni mfukoni juani, kisafisheni, mtazame kama kimekuwa cheusi.

3. Pimeni fokasi kwa jicho, kisha sogezeni hadi alama nyekundu ya infraredi kwenye lenzi. Haina alama? Fungeni tundu la lenzi hadi f/11.

4. Filta namba 87, ile inayopitisha infraredi tu, mbele ya lenzi ya kamera ya refleksi, ambayo mnatazama kupitia lenzi yenyewe, jicho halioni kitu. Mnaotaka kuona, chukueni nyekundu, namba 25. Kipima mwanga nacho infraredi hakiijui, pigeni majaribio.

5. Majani mabichi ndiyo huwa meupe. Urusevsky, mpiga kamera, alipata miwa myeupe pee kwenye sinema ya Soy Cuba ya 1964 kwa kuwa ilikuwa hai. Nyasi zenu za kiangazi hazitawapa kitu. Na msiniulize tena mbona vilima vya Kivu vya mpiga picha Richard Mosse ni vya waridi. Yule alipiga Aerochrome, infraredi ya rangi, 16mm. Nayo imeshakoma, kwa hiyo msije kuniomba. Friza langu lina samaki.