Nani Atabeba Kikapu?

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Je, ni haki kumhasi paka wa nyumbani?" Nimelisoma usiku, paka wangu Tamu amelala juu ya miguu yangu na tumbo lake la mimba, na kabla sijafika mwisho wa ukurasa nilikuwa nimeshajibu kwa sauti: hapana. Mume wangu akauliza nasema na nani. Basi naandika, maana swali hili limenigusa mahali ambapo sikutaka paguswe.

Mimi ni wa Fuoni sasa, lakini nimezaliwa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, katika nyumba ambayo paka alihesabiwa miongoni mwa wakaazi. Ikipakuliwa futari, chake kilitengwa. Bibi alikuwa akisema paka wa nyumba haingwa, na hakuwa akisema methali tu, alikuwa akitoa amri. Ukimfukuza paka mbele yake, unafukuzwa wewe.

Na mama, paka akinywa katika maji ya udhu, hakuyamwaga. Alitusimulia habari ya Abu Qatada, sahaba aliyemwinamishia paka chombo anywe, mkwewe akashangaa, naye akamwambia Mtume amesema paka si najisi, ni katika wanaokuzungukeni. Neno hilo la wanaokuzungukeni nililipenda tangu mdogo. Nilikuwa nikimwona paka wetu Kidoti anatuzunguka kweli, anapita kati ya miguu ya mama jikoni, anapita chini ya cherehani ya baba, anarudi.

Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza ni hiyo. Kiumbe anayekuzunguka kwa kukuamini unampeleka kwa daktari akakatwe, tena hana maradhi. Hajaulizwa. Vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi havikulegeza katika kumhasi mnyama asiyeliwa. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alitufundisha hivyo na nimelishika. Uzazi ni wa Mungu, nikasema. Aachiwe Mungu.

Hapo ndipo nilipotaka kumalizia. Lakini nilipoandika "aachiwe Mungu" nikaona mkono wa baba.

Wasomaji wa Unguja hawahitaji kukumbushwa ile miezi. Umeme ulikatika Disemba 2009 na haukurudi mpaka Machi 2010, kisiwa kizima. Umeme wetu hutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, na mwaka ule njia hiyo iliharibika. Wenye mahoteli walikuwa na majenereta, yananguruma usiku kucha. Sisi tulikuwa na kandili. Maji nayo yakawa ya kununua kwa ndoo, maana mapampu yalikuwa yamelala. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja.

Mama alikuwa akiuza malai na barafu. Friza lake lilikaa ukumbini, refu kama sanduku la bibi harusi, na ndilo lililokuwa likilipa ada zetu na nusu ya kitoweo. Siku ya tatu ya giza alimwaga malai yote, ya ukwaju na ya maziwa, akalifuta friza mpaka likakauka, akaegemeza mfuniko kwa kipande cha mti lisije likanuka. Hakulia, lakini alilifuta muda mrefu sana.

Kidoti alizalia humo. Alikuwa paka mweupe mwenye doa jeusi puani. Mapema Januari tuliamka tukasikia vilio vyembamba, tukamulika kwa tochi, tukawaona wanne chini kabisa ya friza. Mama alikasirika nusu saa, kisha mwenyewe akaenda kuchukua mabaki ya vitambaa vya kanzu kwenye gunia la baba akawatandikia. Baba alikuwa fundi cherehani, ya miguu, kwa hiyo kazi yake haikusimama, lakini wateja walipungua. Nani anashona kanzu mpya wakati mshumaa wenyewe hesabu?

Ile ilikuwa furaha yetu miezi ile, na naisema bila haya. Jioni tulikuwa tunakaa watoto wote kuzunguka friza na kandili juu ya kiti, tunaangalia. Macho yalipofunguka yalikuwa ya buluu, yote manane. Walipojifunza kupanda ukuta wa friza walikuwa wanateleza na kurudi chini mmoja mmoja, na ami yangu, mtu mkavu asiyecheka na mtu, alikuwa akija kila usiku kuangalia wakiteleza.

Kufika Februari walianza kula. Kidoti naye, wakati bado ananyonyesha, akaanza tena kulialia usiku, na paka shume wa mtaa wa pili akawa anamjibu darini. Mama alisikia akajua maana yake. Usiku mmoja nilimsikia anamwambia baba, kwa upole: "Baba watoto, hawa wamekuwa wengi. Utawapeleka lini?" Hakusema wapi. Mji Mkongwe kila mtu anajua wapi. Baba alinyamaza, akasema: "Kesho, inshaallah."

Aliporudi msikitini alfajiri nilikuwa nimeamka, lakini hakuniona. Alimwita Kidoti mpaka darini, akampa kichwa kizima cha changu, akamfungia mlango. Kichwa cha changu wakati ule sisi wenyewe tulikuwa tunakitilia mchuzi. Kisha akachukua kikapu cha ukindu alichokuwa mama akiendea sokoni, akatandika vitambaa vyeupe, akawaingiza mmoja mmoja, na kila mmoja akimpitisha kidole gumba kichwani. Mimi nikatoka nyuma yake, ndara mkononi zisipige kelele.

Sokoni Darajani, upande wa samaki, kulikuwa bado na kiza. Wanaopaa samaki walikuwa wakimwagia meza maji. Paka wa soko walikuwa wameshakaa kwenye zamu zao, wakubwa, masikio yamechanika, hawamtazami mtu usoni, wanatazama mikono tu. Baba alichuchumaa chini ya meza ya saruji akawatoa. Alikuwa amenunua dagaa wa mia mbili hivi, akawamwagia. Alikaa pale, nami nimejibana ukutani, mpaka mpaa samaki mmoja akamwambia: "Mzee, waache tu, hapa hawafi njaa."

Akasimama, akaenda. Watatu walikuwa kwenye dagaa. Wa nne, wa kijivu, alitoka chini ya meza akamfuata, mkia umesimama, anapiga kelele katikati ya soko kama mtoto aliyesahaulika. Baba alimrudisha. Akamfuata tena. Alimrudisha mara ya pili, akamsogezea dagaa, akaondoka haraka haraka, na yule mdogo akakimbia, akaanguka katika maji ya samaki, akainuka. Mara ya tatu baba alimwokota akamtia katika mfuko wa kanzu. Kichwa kikatokeza nje.

Hapo aliniona. Nilidhani nitapigwa. Alisema tu: "Huyu kasema hataki."

Tulinunua boflo tukarudi, hatukusema neno. Mama alipoona mfuko wa kanzu unatikisika aligeuka dirishani. Ndiyo asili ya jina la Hataki, na watoto wa mtaa waliokuwa wakicheka jina hilo hawakujua limetoka wapi.

Kidoti alipofunguliwa mlango wa dari alishuka moja kwa moja mpaka friza. Akaingia, akatoka. Akaingia tena. Siku tatu. Alikuwa na sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, si nyau ya njaa wala ya dume, ya chini, fupi, kama mtu anayeita chumba cha pili akidhani watu wapo. Alimbeba Hataki kwa shingo akampeleka uvunguni, akamrudisha, akampeleka nyuma ya cherehani. Hataki mmoja alihamishwa nafasi ya wanne.

Siku ya nne nilitoka chuoni nikapitia Darajani. Mmoja nilimkuta kando ya mtaro. Alikuwa mwenye doa la mama yake puani. Nilichana karatasi mbili za daftari nimfunge, nikaona zina aya, nikazirudisha mkobani. Nikaomba jani la mgomba kwa muuza ndizi. Nilimfukia chini ya mti kando ya barabara, nikichimba kwa kifuu, na watu wanapita. Wawili sikuwaona, siku ile wala nyingine.

Nilichelewa nyumbani. Baba alikuwa kwenye cherehani, hakuinua kichwa. Akauliza: "Umewaona?" Nikamwambia: "Wazima, baba. Wamenenepa." Akasema alhamdulillah, akaendelea kukanyaga cherehani.

Sijamwambia mpaka leo. Ni mzee sasa, macho hayamsaidii, na mara mbili au tatu nimemsikia akiwasimulia wajukuu kwamba wale watatu walipata maisha mazuri sokoni. Siwezi kumkatiza.

Sasa narudi kwenye swali lenu, na naona silijibu lile mliloniuliza. Mmeuliza kama ni haki kumhasi paka. Mimi najiuliza, katika nyumba zetu ambazo hatumhasi, nani hubeba kikapu? Maana kipo. Hakuna nyumba yenye paka jike isiyokuwa nacho. Mimba ya paka ni kama siku 63, na mtoto wa kike wa miezi minne mitano tu anaweza kushika yake. Baba alibeba mara ile. Hataki alipokuwa mkubwa, alibeba kaka yangu, kwa miaka, na sote tulikuwa tunaamka asubuhi tunakuta hawapo, na hakuna aliyeuliza. Hataki alikufa mwaka 2021. Tamu ni kilembwe chake, na siku nyingine nikitazama alivyofanana naye nahesabu wangapi walipita katikati, naacha.

Tulikuwa tunasema uzazi ni wa Mungu, na vikapu tukabeba wenyewe. Sisi tuliosimuliwa tangu utotoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie! Kitoto cha wiki sita kilicholelewa ndani ya friza na watoto wa watu kinajua kujitafutia nini?

Mwaka jana nilimwendea mwalimu wangu wa chuo, yule yule. Hakuibadili kauli ya vitabu na sikumtaka aibadili. Aliniambia wapo wanavyuoni wa zama hizi wanaoruhusu panapokuwa na maslahi na mnyama asidhuriwe. Kisha akaniuliza huwa tunafanya nini na watoto. Nilimweleza. Alinyamaza muda, akaniambia nirudi nyumbani nikafikiri ipi kati ya hizo mbili ni dhara.

Daktari wa mifugo naye alinieleza kwa subira: jike hupewa nusukaputi, hufunguliwa tumboni sehemu ndogo, huondolewa kizazi, hushonwa, na siku hiyo hiyo au kesho yake anarudi. Nilimuuliza kama asubiriwe azae kwanza, kama tunavyosema sisi kwamba lazima aonje uzazi. Akasema hakuna faida yoyote kwa paka. Niliuliza mara mbili.

Mume wangu anasema haya ni mambo ya Wazungu. Huenda. Lakini yeye hajawahi kubeba kikapu.

Basi nasema hivi, na naomba nisinukuliwe nusu. Tamu nitampeleka. Akishazaa, watoto wakifika wiki nane wameacha ziwa, nampeleka, na kwa muda huo hatoki nje, maana akitoka atarudi na mimba nyingine. Watoto wa safari hii nitawatafutia nyumba mwenyewe, wawili wameshaombwa na majirani, wakibaki wanabaki. Fedha nimeanza kuweka kando, kwa sisi si ndogo. Na chanjo ya kichaa cha mbwa atapigwa humo humo, kwani paka naye huambukizwa.

Madume sijaamua. Na wanaowatega paka wa mitaani wakawahasi nawaomba watazame matiti kwanza, wasimchukue mwenye kunyonyesha wakaacha watoto kwenye paa la mtu. Na wakimaliza wamrudishe pale pale walipomtoa, sikio limetiwa alama, kwa sababu Mji Mkongwe bila paka ni wa panya, mwenye duka yeyote wa Mkunazini atawaambia. Sitaki kuishi katika mji usio na paka. Nasema tu wale wanaotuzunguka ndani.

Mkiniuliza tena kama ni haki, bado sitajibu ndiyo kwa moyo mweupe. Kila nikimshika tumbo nikasikia wanavyocheza ndani naona kama namfanyia njama.

Cha kumbebea nimeshanunua. Muuzaji alinionyesha vikapu vya ukindu, vizuri, vyenye mfuniko, kwa bei ya chini. Nikachukua tenga la plastiki.