Sindano au operesheni? Saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa

SWALI: Assalaamu alaykum, daktari. Baba yangu ana miaka 71 na tunaishi Wete, Pemba. Amegunduliwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia kwenye uti wa mgongo, na kipimo cha damu cha tezi dume, PSA, kimesoma 140. Ameshauriwa aondolewe korodani, lakini ami yetu aliyeko London anasema huko siku hizi watu hupigwa sindano na kupewa vidonge. Je, hii ni tiba ya kimaskini?

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Ami yako hakukosea katika aliyoyaona, ila kuhusu operesheni yenyewe sikubaliani naye. Saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, testosteroni, ambayo sehemu yake kubwa hutengenezwa kwenye korodani. Charles Huggins alionesha huko Chicago mwaka 1941 kwamba homoni hiyo ikikatwa ugonjwa hunywea, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Sindano zilikuja miaka ya 1980 na hufika palepale kwa njia nyengine: huizima amri itokayo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Kwa kuudhibiti ugonjwa, njia hizi mbili ni sawa. Kilichowafanya wengi wakimbilie sindano ni lile neno "kuhasiwa", ambalo hakuna mzee anayependa kulisikia.

Kwa mgonjwa wa Pemba, sindano ina mitego yake. Ile ya kwanza hupandisha homoni kwa wiki chache kabla ya kuishusha, kwa hiyo lazima itanguliwe na vidonge vya kinga, hasa kwa mtu ambaye uti wake wa mgongo umeshaguswa. Kisha inatakiwa irudiwe, mara nyingi kila miezi mitatu, maisha yote; dawa ikikosekana au fedha ya dawa na nauli ya boti isipopatikana kwa wakati, homoni hurudi na ugonjwa hupata chakula chake tena. Operesheni ni fupi, hufanywa kwa ganzi, na homoni huanguka ndani ya saa chache. Iwapo mzee anaona haya, muulizeni daktari kama anaweza kutoa nyama ya ndani tu na kuliacha ganda, ili mfuko usibaki mtupu. Fukuto la mwili, mifupa kudhoofika na hamu ya tendo la ndoa kupungua huja kwa njia zote mbili. Tofauti ni kwamba sindano inaweza kusimamishwa, lakini kisu hakirudishwi nyuma.

Pengo la kweli kati ya London na Wete liko kwenye vidonge. Tafiti kubwa zilizotolewa mwaka 2017 zilionesha kwamba wagonjwa wa aina ya baba yako wakiongezewa abirateroni (vidonge vinavyozuia mwili kutengeneza homoni hiyo) pamoja na predinisoloni tangu mwanzo huishi muda mrefu zaidi kuliko wanaokatiwa homoni peke yake. Shirika la Afya Duniani liliiingiza abirateroni kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, lakini kuwemo kwenye orodha si kuwemo kwenye duka la dawa la mtaani kwenu. Basi swali la kumpelekea daktari wenu ni hili: baada ya operesheni, baba ataongezewa nini, na nani atalipa? Msiinunue abirateroni wenyewe kimyakimya, kwani anayeimeza lazima apimwe presha, ini na potasiamu.

Maumivu ya mfupa yakizidi, muulizie tiba ya mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mara nyingi dozi moja tu hutuliza maumivu sawa na dozi nyingi, ingawa baadhi ya wagonjwa huhitaji kurudia; kwa hiyo msikatishwe tamaa na hofu ya kupanga nyumba huko kwa wiki kadhaa.

Wewe na ndugu zako wa kiume mkifika miaka 45, zungumzeni na daktari kuhusu kipimo cha PSA. Na baba akianza kulegea miguu, kufa ganzi au kushindwa kukojoa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.