Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Gavana wa Illinois Hakai Chicago

Mwanangu Elia,

Salamu kutoka Dodoma. Sisi hatujambo, isipokuwa mama yako goti linamsumbua na bado hataki kusikia habari ya fimbo. Nimelazimika kurudia ujumbe wako wa sauti maana injini ilikuwa inakumeza maneno. Kama nimekusikia vizuri, unasema tangu uanze kuendesha lori huko Marekani umepita Harrisburg, Springfield na Jefferson City, na kila pahali unaambiwa hapa ndipo makao makuu ya jimbo, nawe unaona mji mdogo, mtulivu, usio na foleni hata jioni watu wakitoka kazini. Chicago yote ile, lakini bunge la Illinois linakaa Springfield. New York yote ile, lakini gavana yuko Albany. Halafu ukauliza, "Baba, hawa watu walikuwa wanawaza nini?"

Nimeona nikuandikie. Kwa simu ningeongea mpaka salio likatike, na wewe unatakiwa macho yawe barabarani.

Kwanza ondoa wazo kwamba kuna mtu aliinyima Chicago haki yake. Springfield ilichaguliwa tarehe 28 Februari 1837. Chicago ilipewa hadhi ya jiji siku chache baadaye, mwezi Machi mwaka huohuo, ikiwa na watu kama 4,000 na matope yasiyo na idadi. Huwezi kumnyima urithi mtoto ambaye bado anatambaa. Kwa hiyo usiulize kwa nini mji mkubwa ulikosa. Uliza siku wanayoamua watu walikuwa wakikaa wapi, walikuwa wakisafiri kwa chombo gani, na ardhi iliyochaguliwa ilikuwa ya nani. Hilo la ardhi nakuomba ulishike zaidi.

Tuanze na barabara yako mwenyewe. I-70 unayotoka nayo Columbus kwenda St. Louis inafuatana kwa sehemu kubwa na barabara ya zamani ya serikali kuu, National Road, iliyoanza kujengwa 1811 kutoka Cumberland, Maryland. Mwaka 1825 Kongresi, yaani bunge la serikali kuu, iliagiza barabara hiyo ipite kwenye makao makuu ya Ohio, ya Indiana na ya Illinois, kisha iende hadi ya Missouri. Kwa maneno mengine, unapokula maili zako kuelekea magharibi unapita juu ya uamuzi wa wanasiasa wa miaka mia mbili iliyopita.

Columbus unapoishi haukuwepo kabisa. Ohio ilipojiunga na muungano 1803, wakubwa walikaa Chillicothe. Mwaka 1810 wakahamia Zanesville, 1812 wakarudi Chillicothe, kila upande ukivutia kwake. Bunge likachoka, likataka mahali karibu na katikati ya jimbo. Hapo wakajitokeza wanaume wanne waliokuwa na ardhi kwenye ukingo wa mto Scioto, ng'ambo ya kijiji cha Franklinton, ambacho leo ni mtaa tu wa Columbus. Wakasema tunatoa eka 10 za jengo la bunge na eka 10 za gereza, na majengo yenyewe tutayajenga sisi, ya thamani ya dola 50,000. Ukarimu? Thubutu. Viwanja vingine vyote pale vilikuwa vyao, na kiwanja kilicho jirani na gavana hakiuzwi bei ya pori. Bunge likakubali Februari 1812, mnada wa viwanja ukafanyika katikati ya mwaka huohuo, na 1816 serikali ikahamia. Miaka minne! Sisi tuliamua kuhamia Dodoma 1973, na wizara zikaanza kuja kwa kishindo baada ya 2016. Waliokuwa wamenunua viwanja mapema huku nyumbani unawajua, na unajua leo wanavyotembea.

Hilo jengo la bunge la sasa unalopita mjini, lenye kichwa cha duara kisicho na kuba, lilijengwa kati ya 1839 na 1861, na sehemu kubwa ya kazi ngumu ilifanywa na wafungwa. Columbus wenyewe leo una zaidi ya watu 900,000, umezipita Cleveland na Cincinnati. Kwa hiyo si kweli kwamba makao makuu lazima yabaki madogo. Mengine hukua, ila yanachukua karne.

Ukivuka Indiana mambo ni yaleyale, ila hapa nataka utulie kidogo. Vitabu vingi husema Indianapolis ulijengwa "mahali patupu" katikati ya jimbo. Hapakuwa patupu. Palikuwa pa Walenape, wenyeji wa asili ambao Wazungu waliwaita Wadelaware. Kwa mkataba wa St. Mary's wa 1818 waliiachia serikali ardhi yao ya katikati ya Indiana, wakapewa miaka mitatu ya kuondoka. Mwaka 1820 kamati ikaenda kuchagua mahali, na 1821 Alexander Ralston, mpima ardhi aliyewahi kusaidia kuchora Washington, akachora mji wa maili moja kwa maili moja, mduara katikati, barabara za mshazari zikitoka pembeni. Ule mduara bado upo, wenye mnara. Walipachagua pia kwa sababu ya mto White, wakiamini meli za mvuke zitafika. Mwaka 1831 meli moja, Robert Hanna, ikafika kweli, watu wakashangilia, halafu njiani kurudi ikakwama. Tangu hapo mto ukaachiwa samaki. Serikali ilikuwa imeshahamia, ikitokea Corydon kule kusini karibu na mto Ohio, hazina ya jimbo ikipakiwa kwenye magari ya farasi. Mji ukaja kuokolewa na reli.

Sasa Illinois, ambako ndiko kwenye utamu. Makao makuu ya kwanza, 1818, yalikuwa Kaskaskia, mji wa zamani wa Wafaransa kando ya Mississippi. Wakayahamisha 1820 kwenda Vandalia, msituni, kwa matumaini yaleyale ya kuuza viwanja, na sheria ikasema yatakaa huko miaka 20. Muda ulipokaribia kuisha, wenyeji wa Vandalia wakaingiwa na baridi. Mwaka 1836, wabunge wakiwa likizo, wakaharakisha kujenga jengo jipya la bunge ili wabunge wakirudi waone aibu kuondoka. Jengo hilo lipo mpaka leo, jeupe, la matofali, la ghorofa mbili, na Vandalia iko palepale kwenye I-70. Utakuwa umeipita mara nyingi bila kugeuza shingo.

Haikusaidia. Katika bunge lile kulikuwa na wajumbe tisa kutoka wilaya ya Sangamon, iliko Springfield, wote warefu kiasi kwamba urefu wao ukijumlishwa ulifika kama futi 54. Waliitwa "Long Nine", yaani Tisa Warefu, na mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 28 anayeitwa Abraham Lincoln. Kipindi hichohicho bunge lilikuwa linapitisha mpango wa zaidi ya dola milioni 10 wa reli, mito na mifereji, kila wilaya ikitaka kipande chake. Inasimuliwa kwamba Tisa Warefu walikuwa wepesi sana kuunga mkono reli ya kila mtu, mradi mtu huyo naye akumbuke Springfield siku ya kura. Wanahistoria wanabishana ni kiasi gani cha biashara hiyo kilifanyika. Mimi niliyekaa vikao vya kamati ya shule miaka yote ile siwezi kushangaa. Raundi ya nne Springfield ikashinda, kwa sharti kwamba mji utoe ardhi na kuchanga dola 50,000. Umeona? Dola 50,000 zilezile za Columbus. Ule mpango wa reli ulianguka ndani ya miaka michache na kuliachia jimbo deni lililochukua miongo kulipwa. Serikali ikahamia 1839. Fedha za serikali kuu nazo zikakauka, na ile National Road ikaishia Vandalia, mji ambao haukuwa makao makuu tena.

Na Kaskaskia? Mwaka 1881 Mississippi ilifurika, ikaacha njia yake na kupita mashariki ya mji, ikaufuta karibu wote. Leo kipande kilichobaki ni cha Illinois kisheria, lakini kiko upande wa Missouri, na ili kukifikia unaingilia Missouri. Wakazi wake hawafiki hata 30. Kuna kengele pale ambayo mfalme Louis XV wa Ufaransa aliipeleka kwa kanisa mwaka 1741. Usijaribu kwenda na lori, barabara zake za mashambani hazitakusamehe.

Jefferson City ni rahisi kueleza. Katiba ya Missouri ilitaka makao makuu yawe kando ya mto Missouri, ndani ya maili 40 kutoka mahali mto Osage unapoingia. Hiyo ni katikati ya jimbo, na mto ndio ulikuwa barabara kuu. Basi. Hapakuhitaji kuwa na mtu.

Kama bado unadhani habari ya katikati ni kisingizio, sikiliza ya Florida. Ilipotoka mikononi mwa Hispania 1821 ilikuwa na miji miwili ya maana, Pensacola magharibi na St. Augustine mashariki. Baraza la kwanza, 1822, likakutana Pensacola. Wajumbe wa St. Augustine walisafiri siku 59 kwa maji kufika. Mwaka uliofuata likakutana St. Augustine, wa magharibi wakasafiri siku 28. Nani angekubali tena? Wakateua watu wawili, mmoja kutoka kila upande, wakutane katikati na kuchagua mahali. Wakachagua Tallahassee, 1824, kwenye mashamba ya zamani ya Waapalachee, na Neamathla, mkuu wa Waseminole wa pale, akawapa ruhusa kwa shingo upande. Miami haikuwa jiji mpaka 1896.

Mashariki kuna sababu nyingine: wakulima kuwaogopa matajiri wa bandarini. Pennsylvania iliondoka Philadelphia 1799 kwenda Lancaster, kisha Harrisburg 1812. New York ilitulia Albany 1797. Watu wa bara walitaka bunge lililo karibu na mashamba yao na mbali na benki. Boston ndiyo iliyoshikilia vyote viwili, bandari na bunge, na watu wa magharibi ya Massachusetts nadhani hawajasamehe.

Pale ambapo mji wenye nguvu ulipingwa waziwazi, ndipo vituko vilipozuka. Nebraska 1867, watu wa kusini ya mto Platte walitaka kuyaondoa makao makuu Omaha. Mjumbe mmoja wa Omaha akapendekeza mji mpya uitwe Lincoln, akijua wengi wa wale wa kusini walikuwa na huruma na upande ulioshindwa na Rais Lincoln katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na jina hilo liliwachoma. Alitegemea waukatae mswada. Wakaumeza jina, wakaupitisha. Oklahoma nako sheria ya Kongresi ilisema makao makuu yabaki Guthrie hadi 1913. Juni 1910 wananchi wakapiga kura ya kuchagua Oklahoma City, na gavana Haskell hakungoja kuche. Inasimuliwa muhuri wa jimbo ulitolewa Guthrie usiku ukiwa umefichwa ndani ya furushi la nguo za kufua. Guthrie wakaenda mahakamani, wakashindwa. West Virginia ndiyo usiniulize. Kuanzia 1863 hadi 1885 walizunguka kati ya Wheeling na Charleston, makabrasha yakipakiwa kwenye boti, kama watu wasiolipa kodi ya nyumba.

Mdogo wako anauliza kama kuna makao makuu usiyoweza kufika na lori lako. Mwambie yapo: Juneau, Alaska. Hakuna barabara inayoingia kutoka nje, ni ndege au meli tu. Mwaka 1974 wapiga kura walikubali kuyahamisha, wakachagua mahali panapoitwa Willow, na 1982 walipoonyeshwa gharama wakakataa kulipa. Gavana yuko Juneau hadi leo.

Sasa yetu ya nyumbani. Ule uzio wa shamba umekamilika na risiti zote mama yako anazo. Ukija Desemba niletee atlasi ya barabara ya madereva wa malori, hata ya zamani, hata iliyochanika jalada. Usininunulie mpya. Nataka ile uliyoitumia, yenye alama zako za kalamu.

Kula vizuri, na usiendeshe ukiwa na usingizi.

Ni mimi baba yako.