Siku Ted Williams alipokataa kupumzika

Swali lenu la wiki hii linauliza ni rekodi gani ya michezo tunayoiheshimu kuliko zote. Yangu ni 0.406 ya Ted Williams wa Boston Red Sox, besiboli ya Marekani, msimu wa 1941.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huo: wastani wa mpigaji ni mipigo iliyomfikisha salama kituoni, ukiigawa kwa zamu zake zinazohesabiwa. Anayefaulu mara tatu katika kumi ni hodari. Mara nne katika kumi, msimu mzima, ni adimu mno. Na tofauti na mabao, ambayo mshambuliaji akishafunga hanyang'anywi, wastani hushuka kila mpigaji anaposhindwa. Anayetaka kuulinda ana njia moja ya uhakika, nayo ni kutocheza.

Njia hiyo Williams alipewa. Asubuhi ya Septemba 28, siku ya mwisho ya msimu, alikuwa na mipigo 179 katika zamu 448. Nimeipiga hesabu hiyo mwenyewe kwa kalamu na karatasi: 0.39955. Vitabuni ingeandikwa 0.400, na meneja wake, Joe Cronin, alimruhusu akae nje. Williams alikuwa na miaka 23, na usiku wa kuamkia siku hiyo alizunguka mitaa ya Philadelphia kwa miguu, ameshikwa na wasiwasi. Akasema atacheza.

Mechi zilikuwa mbili. Ya kwanza alipata mipigo minne katika zamu tano, mmoja ukaruka uzio, wastani ukapanda hadi 0.404. Hapo pia angeweza kupumzika, na nani angemlaumu? Akarudi uwanjani, akapata miwili katika zamu tatu, mmoja ukagonga spika ya uwanja upande wa kulia. Jumla, 185 katika 456.

Tangu siku hiyo, katika ligi mbili kuu, American na National, hakuna aliyefika 0.400. Tony Gwynn alikuwa na 0.394 mwaka 1994, mgomo wa wachezaji ukaukata msimu mwezi Agosti. Siku hizi mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, hutolewa kabla hajachoka, na mpigaji hukutana na mkono mpya, wenye kasi zaidi, mechi ikielekea ukingoni.

Najua wengi watamtaja Josh Gibson, mpigaji wa Ligi za Weusi, walikocheza wachezaji weusi waliobaguliwa, na wana haki. Takwimu za ligi hizo zilipoingizwa rasmi kwenye kumbukumbu za ligi kuu Mei 2024, wastani wake wa maisha, 0.372, uliupita wa Ty Cobb, aliyekuwa akiongoza, 0.367; na 0.466 yake ya 1943 ikawa ya juu kuliko zote kwa msimu mmoja. Rangi ya ngozi ilimfungia milango ya ligi kuu, akafariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyeuvunja ubaguzi huo, hajaingia.

Mimi jina la Gibson siwezi kulitenga na la Williams. Mwaka 1966, alipokuwa akipokewa kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown, Williams alisimama mbele ya watu akaomba kwamba siku moja Gibson na Satchel Paige, mrushaji wa Ligi za Weusi, nao wapewe nafasi humo. Paige aliingia 1971. Gibson akafuata mwaka uliofuata.