Granti za serikali ya Marekani: ushauri kutoka kwa mtu wa makaratasi

Ndugu zangu mliopata uprofesa kwenye vyuo vya huku Marekani, hongereni sana, ila naona wengi mnaziendea granti za serikali kuu, yaani hela za utafiti, kama vile ni kuandika pepa nyingine tu. Mi nafanya kazi ofisi ya granti chuoni, sijui hata kushika darubini, lakini nimeona sayansi kali kinoma ikirudishwa hata haijasomwa.

Jua kwanza anayeomba sio wewe, ni chuo. Iwe NIH (taasisi za serikali za utafiti wa afya) au NSF (mfuko wa serikali wa sayansi), hela inapewa chuo na anayetuma maombi ni mtu wa ofisini mwenye mamlaka ya kusaini, wewe ni mtafiti mkuu. Kwa hiyo dedilaini iliyo kwenye tangazo sio yako. NIH wanafunga saa 11 jioni kwa saa za pale chuo kilipo, ila ofisi nyingi zinataka faili siku kadhaa kabla, na ukitokea saa 10 na nusu na bajeti isiyojumlishika hakuna shikamoo itakayokuokoa. Njoo mapema hata kama una wazo tu. Na heshimu kurasa: R01, ile granti ya utafiti ya NIH, malengo ni ukurasa 1 na mpango wa utafiti 12, NSF maelezo ya mradi 15, hakuna kuomba nyongeza.

Sasa bajeti, hapa ndo tukae. Kanuni yenyewe ya serikali kuu ya matumizi ya hela za granti inaitwa 2 CFR 200, na kila dola inaulizwa: inaruhusiwa? ni ya mradi huu kweli? na mtu mwenye akili timamu angelipa bei hiyo? Pombe ya kukaribishia wageni hairuhusiwi, usijaribu hata kuiita viburudisho. Mshahara wako nao una mipaka, NSF kwa kawaida hawalipi zaidi ya miezi 2 kwa mwaka ukijumlisha granti zao zote ulizonazo, NIH wao wana kikomo chao cha mshahara.

Halafu kuna ile ovahedi ambayo kila profesa mpya anailalamikia, yaani hela ya chuo ya umeme, majengo, na sisi tunaokusumbua. Haipigwi kwenye kila kitu, vifaa vikubwa na ada za wanafunzi vinatolewa kwanza. Ila tangu Oktoba 2024 kanuni mpya inaruhusu kifaa kihesabike kikubwa kuanzia dola 10,000, zamani ilikuwa 5,000, kwa hiyo kama chuo chako kimeshahamia huko basi ile mashine yako ya dola 7,000 sasa inapigwa ovahedi, tuseme asilimia 50, hapo umeongeza 3,500 ambazo hukuzipanga. Uliza kabla hujaandika, maana wakishakupa kiasi fulani pengo ni lako.

Mnaofanya utafiti na wenzetu Dar au Nairobi, ongezeni muda. Chuo cha kule kinahitaji namba ya UEI, yaani namba ya utambulisho ya taasisi kwa serikali ya Marekani, na mwaka 2025 NIH walitangaza kubadilisha utaratibu wa kupitishia hela kwa washirika wa nje, so usitumie maombi ya rafiki yako ya zamani kama kiolezo. Na tiketi! Hela ya serikali inataka upande shirika la ndege la Marekani inapowezekana. Wakati mwingine ndege ni ile ile ya Kiarabu unayoijua, ila tiketi lazima isomeke namba ya safari ya shirika la Marekani, ukikata kwenye mtandao kwa sababu ni cheap unaweza kujilipia mwenyewe.

Ukishapata, pitia matumizi kila mwezi na karani wa idara. Mwanafunzi akihama mradi sema mwezi huo huo, kwa sababu kuhamisha mshahara zikishapita siku 90 ndo kitu odita anakichokonoa kwanza. Kama muda hautoshi, omba kuongezewa kabla ya tarehe ya mwisho, sio baada. Mradi ukiisha una siku 120 za ripoti za mwisho, ila mshirika wa nje mdai zake mapema zaidi. Na zile kompyuta tano za wiki ya mwisho ili hela isirudi, mi sisaini.